Mti Unaotambaa Kwenye Mwimo

Maswali na majibu kuhusu nakshi za milango.

Nyumba ya bibi yangu Mji Mkongwe ina mlango wenye nakshi ya mti unaojikunja kwenye miimo. Ni kazi ya Kiarabu au ya Kihindi?

Tazama juu kwanza. Kizingiti cha juu kikiwa bapa, huo ndio mtindo wa Kiarabu, wa zamani zaidi. Kikiwa nusu duara, mkono wa Kihindi umo, na mlango huenda ni wa mwishoni mwa karne ya 19. Ila mti wenyewe ni msafiri aliyewatangulia wote. Roma kuna madhabahu ya Ara Pacis, iliyowekwa wakfu mwaka 9 kabla ya Kristo. Nusu ya chini ya kuta zake imejaa matawi yanayojiviringa ya akantho, mmea wenye majani mapana yenye meno, na ukiinama utaona chura na mjusi wamejificha majanini. Mafundi wa Kiislamu waliurithi mti huo, wakawatoa wanyama, wakauacha utambae bila mwisho. Hata Kizimkazi, kusini mwa Unguja, maandishi ya mwaka 1107 msikitini, ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanachipua majani.

Shikamoo. Najifunza useremala. Nikichora nakshi hiyo, miviringo yangu haikai sawa.

Marahaba mwanangu. Kosa lako ni kuanza na miviringo. Anza na wimbi moja refu, linalopanda na kushuka toka mwanzo wa ubao hadi mwisho. Kisha toa tawi mgongoni mwa wimbi, lirudi kujikunja ndani ya tumbo lake: moja lizunguke kulia, la pili kushoto. Tawi lichepuke taratibu, kama reli inavyoachana na reli, lisikatike kwa pembe. Pale yanapoachana weka jani dogo. Jani hilo si pambo tu, linaficha kiungo. Na pima mawimbi kabla ya kushika patasi, usije ukafika konani na nusu tumbo.

Ni kweli kila ua lina maana yake, uzazi, ulinzi, na kadhalika?

Watembeza wageni husema hivyo, na hadithi ni tamu. Mimi naona mara nyingi fundi alikuwa na nafasi ya kujaza. Mwaka 1893 Alois Riegl, mwanahistoria wa sanaa wa Vienna, alionyesha jinsi yungiyungi la Misri lilivyogeuka hatua kwa hatua, mchoro ukizaa mchoro, hadi likawa akantho ya Wagiriki. Hakuna aliyekwenda shambani kuchuma jani.

Nitajuaje kama nakshi imechongwa na mashine?

Tafuta majani mawili pacha. Ya mkono hayafanani kamwe.