Magurudumu ya bolti 6 kwenye baiskeli yenye diski za Center Lock

Ndugu, umeuliza kama magurudumu uliyopata, yenye habu (kitovu cha gurudumu) ambazo diski ya breki hufungwa kwa bolti 6, yatafaa kwenye baiskeli yako ya milimani ya umeme inayotumia diski za breki za Center Lock (zinazoshikwa na pete moja ya kukaza katikati, bila bolti) za kipenyo cha milimita 203. Diski hizo hazitaingia, kwa kuwa adapta zinazouzwa huiwezesha habu ya Center Lock kupokea diski ya bolti 6, wala si kinyume chake. Nunua diski za bolti 6 zenye kipenyo hicho hicho, kwani ukifunga za milimita 200, ukingo wa juu wa pedi za breki utabaki nje ya chuma cha diski na pedi zitalika vibaya.

Pima pia upana wa habu. Baiskeli nyingi za aina hii huhitaji milimita 148 nyuma na 110 mbele.

Jambo ninalokusihi usilipuuze ni sumaku ya kihisi mwendo, ambayo katika baadhi ya baiskeli hufungwa kwenye diski ya nyuma yenyewe: ikikosekana, mota itaonyesha hitilafu na kuacha kukusaidia, pengine ukiwa katikati ya mlima.

Bolti zikaze kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa kipimo alichoandika mtengenezaji wa diski.