Snapshoti 14 za kila Ijumaa si bekapu hata moja

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasimamia mifumo katika chama cha akiba na mikopo hapa Mafinga. Tuna seva moja yenye ESXi 7 (programu ya VMware ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa za kiprogramu ndani ya seva moja), ile ya leseni ya bure, na mashine pepe 5. Fundi aliyetufungia alituelekeza tupige snapshoti (alama ya hali ya mashine ya wakati huo, unayoweza kuirudia) kila Ijumaa kama bekapu, nasi hatujakosa. Mashine ya hesabu (Windows Server yenye SQL Server, diski ya GB 300) sasa ina snapshoti 14. Imekuwa nzito mno, na hifadhi ya seva ya TB 1.8 imebakiwa na GB 60 tu. Naogopa kubonyeza “Delete all” nisije nikapoteza hesabu za wanachama. Je, nirudishe snapshoti ya zamani ili mashine iwe nyepesi? Pia kuna mafunzo ya siku 5 Mbeya ya usimamizi wa seva pepe, ada shilingi 650,000, na cheti kinatolewa. Yatanisaidia?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba. Usirudishe snapshoti yoyote, na Ijumaa hii usipige nyingine. Hayo mawili yashike kabla hujasoma zaidi.

Umeogopa kitufe kisicho na madhara na ukataka kubonyeza chenye madhara, na si wewe peke yako. Kosa hili linajitokeza ofisi baada ya ofisi, kuanzia Iringa mpaka Tunduma, kwa sababu maneno ya vitufe yenyewe yanadanganya. Kufuta kunatisha, kurudisha kunabembeleza. Kumbe ukibonyeza “Restore snapshot” kwenye ile ya kwanza, mashine inarudi ilivyokuwa Ijumaa ile, na kila marejesho ya mkopo, kila akiba na kila stakabadhi iliyoingizwa kwa zaidi ya miezi 3 inatoweka. “Delete all” kinafanya kinyume chake: kinachukua mabadiliko yote yaliyolundikana, kinayaunganisha na diski ya asili, na mashine inabaki kama ilivyo leo. Kinachofutwa ni uwezo wa kurudi nyuma. Data haiguswi.

Uzito unaouona unatoka hapa. Siku ulipopiga snapshoti ya kwanza, ESXi iliacha kuandika kwenye diski ya asili. Ililigandisha faili lile na kufungua jipya lenye namba 000001 la kupokea mabadiliko. Ijumaa iliyofuata hilo nalo likagandishwa, likafunguliwa 000002. Leo mashine ikitaka kusoma rekodi ya zamani, inaanza kuitafuta kwenye 000014, inashuka hatua kwa hatua hadi chini kabisa. Kila faili kati ya hayo linaweza kuvimba mpaka ukubwa wa diski ya asili, na ndiko nafasi yako ilikokwenda. VMware wenyewe wanasema snapshoti moja isikae zaidi ya saa 72, na ingawa mfumo unaruhusu mnyororo wa hadi 32, wanashauri ziwe 2 au 3 tu.

Sasa kazi yenyewe, kwa mpangilio huu.

Anza na hifadhidata, mashine ikiwa bado inafanya kazi. Toa bekapu kwa amri ya SQL Server yenyewe, BACKUP DATABASE, ukiongeza COPY_ONLY na CHECKSUM. Usiielekeze kwenye C: wala diski nyingine ya mashine hiyo hiyo, kwa sababu kila GB utakayoandika humo inaingia kwenye faili la 000014 na kula zile GB 60 zilizobaki. Ielekeze moja kwa moja kwenye folda iliyoshirikishwa ya kompyuta nyingine mtandaoni, na akaunti inayoendesha huduma ya SQL Server iwe na ruhusa ya kuandika humo. Kisha ifungue bekapu hiyo kwenye kompyuta nyingine yenye SQL Server ya toleo lile lile au jipya zaidi, endesha DBCC CHECKDB (amri ya kukagua uzima wa hifadhidata), na umwombe mhasibu alinganishe salio la wanachama wachache. RESTORE VERIFYONLY peke yake haitoshi. Inakwambia faili linasomeka tu.

Baada ya hapo zima mashine kupitia Windows, utoe nakala ya mnyororo mzima nje ya seva. Andaa kompyuta yenye nafasi ya zaidi ya GB 300, iunganishe na ESXi kama hifadhi ya NFS (folda ya mtandaoni ambayo seva huitumia kama diski), kisha kupitia SSH (njia ya kuandika amri kwenye seva kutoka mbali) tumia vmkfstools -i ukitaja faili la diski la .vmdk la juu kabisa, kisha mahali nakala inakopelekwa, na -d thin mwishoni. Faili la juu usilikisie: lisome kwenye .vmx, faili la mipangilio ya mashine, mstari wa scsi0:0.fileName. Mara nyingi litakuwa 000014, lakini kama kuna snapshoti iliyowahi kufutwa katikati, namba zitakuwa zimeruka. Amri hii inasoma mnyororo wote na kuandika diski moja iliyokamilika bila kugusa asili. Angalia swichi yako pia. Kwa mtandao wa gigabiti 1 utapata kama MB 110 kwa sekunde, yaani GB 300 kwa dakika 45 hivi mambo yakienda vizuri. Swichi ya megabiti 100 itakuchukua saa 7 na nusu.

Nakala ikishakaa salama, bonyeza “Delete all” mashine ikiwa bado imezimwa. Hesabu muda: kama mafaili ya mabadiliko yana jumla ya GB 400 na diski zako za kuzunguka zinatoa MB 80 kwa sekunde, ni saa 1 na dakika 23 kwa uchache, na kwa kawaida zaidi ya hapo. Tenga usiku mzima wa Ijumaa. Asilimia zitakwama karibu na mwisho, pengine kwa saa nzima, na hapo ndipo watu wanapoharibu kwa kuzima seva wakidhani imeganda. Iache. Kupitia SSH utaona kwa ls -lh muda wa mafaili ukibadilika, ishara kwamba kazi inaendelea. UPS ya dakika 15 haikulindi kwa kazi ya saa nyingi, kwa hiyo jenereta iwe na mafuta, na kama ni kati ya Novemba na Aprili usianze jioni ya radi. Jambo moja la kuhakikisha mapema: kama diski ya asili ni ya aina ya thin (inayokua kadiri inavyoandikwa), inaweza kuvimba wakati wa kuunganisha. Ikiwa imeshafika GB 220, kwa mfano, inaweza kuongezeka GB 80, na wewe unazo 60. Hapo hamisha kwanza kitu kingine nje ya hifadhi hiyo, kwa mfano mafaili ya ISO au mashine ya majaribio.

Ni huyo fundi aliyewaambia snapshoti ni bekapu anayestahili kukemewa, na wenzake wako wengi. Bekapu ni nakala inayobaki nzima hata seva ikiungua. Snapshoti inakaa kwenye diski zile zile, ndani ya folda ile ile, na bila diski ya asili haisomeki hata kidogo. Kontrola ya RAID (kifaa kinachoziunganisha diski za seva) ikifa, mashine na snapshoti zake 14 zinaondoka pamoja. Mtu akiifuta mashine kwa makosa, zinafutika nayo. Februari 2023 programu haribifu iliyoitwa ESXiArgs ilishambulia seva za ESXi katika nchi nyingi na kufunga mafaili ya mashine pepe kwa usimbaji, ikipitia tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu Februari 2021. Kwa aliyetegemea snapshoti, kinga yake ilikuwa ndani ya nyumba iliyoungua.

Kuna sababu mafundi hawa wanakimbilia snapshoti, nayo wateja hawaambiwi. Leseni ya bure ya ESXi imefungiwa njia ambayo programu za bekapu huitumia kuzungumza na seva. Fundi anafunga toleo la bure, anagundua programu ya bekapu inakataa, anaona aibu kurudi kwa mteja kuomba hela, basi anabuni snapshoti za Ijumaa. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kuweka namba ya leseni ya kuokota, au programu ya bekapu iliyovunjwa ulinzi, iliyotoka kwenye flashi asiyeijua asili yake. Programu hiyo ndiyo inayokabidhiwa nenosiri la msimamizi la seva nzima. Huo ni ufunguo wa ghala kapewa mpita njia.

Wewe unazo njia mbili halali. Ya kwanza ni kuchukua bekapu kutoka ndani ya kila mashine: Veeam Agent ya Windows, programu ya bekapu, ina toleo la bure, na hifadhidata itoke kila usiku kwa BACKUP DATABASE kwenda nje ya seva. Ya pili, ambayo ndiyo ningekusukumia, ni kuhama. Msaada wa kawaida wa vSphere 7, familia ya ESXi 7 yako, ulikwisha tarehe 2 Oktoba 2025, kwa hiyo usijenge tena juu yake. Proxmox VE, mfumo mwingine wa kuendesha mashine pepe, ni ya bure bila kikomo cha muda, ina bekapu yake ndani, na tangu toleo la 8.2 la 2024 ina zana ya kuingiza mashine moja kwa moja kutoka ESXi. Maliza kwanza kuunganisha snapshoti, ndipo uhame.

Kuhusu mafunzo: cheti hakitakuokoa usiku hifadhi inapojaa. Wapigie waandaaji kabla ya kulipa na uwaulize mambo machache tu. Kila mshiriki atapata seva yake ya kuharibu, au watu 20 watatazama projekta? Kuna siku ambapo hifadhi itajazwa mpaka mwisho kwa makusudi? Diski itachomolewa kwenye RAID ikiwa kazini? Mshiriki atarejesha mashine kwenye seva tofauti na ile ya asili, huku akipimwa muda? Wakikujibu kwa orodha ya mada na idadi ya slaidi, baki na laki zako 6 na nusu. Wakikuahidi majibu ya mtihani ya kukariri, kata simu. Mtu aliyefaulu kwa majibu yaliyovuja anapewa nenosiri la seva za hospitali au benki, na wa kwanza kujua kwamba hajui kitu ni wagonjwa na wateja.

Kwa fedha hizo hizo, au karibu, unaweza kutafuta kompyuta iliyotumika yenye RAM ya GB 32 na SSD ya GB 500. Weka Proxmox juu yake, chagua aina ya CPU iwe “host”, na ndani yake funga ESXi 8 ya majaribio ya siku 60, ukiipa RAM isiyopungua GB 8 na kadi ya mtandao ya vmxnet3. Usifunge ESXi moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi ya Realtek, kwa kawaida haitaitambua. Humo tengeneza mashine ndogo ya GB 20 kwenye hifadhi ya GB 30, piga snapshoti 3, kisha andika mafaili makubwa mfululizo mpaka hifadhi ijae. Mashine itasimama na ESXi itakuuliza swali. Tafuta nafasi, jibu ijaribu tena, uone inavyoamka. Rudia mpaka mikono isitetemeke.

 

Utakapojaribu kurejesha bekapu ya mashine nzima kwa mara ya kwanza, ondoa alama ya kuunganishwa kwenye kadi yake ya mtandao kabla hujaiwasha. Vinginevyo mtandaoni kutakuwa na mashine mbili za hesabu zenye IP moja, na makarani watakuwa wanaingiza malipo bila kujua yanakwenda kwenye ipi.