Anza na risasi, si bunduki

Mdogo wangu wa Mafinga, umeuliza uchukue bunduki gani ya shabaha wakati risasi ni za kubahatisha. Kwanza ulizia madukani Iringa na Mbeya ni saizi gani haikauki, ndipo uchague mtutu.

Mimi ningechukua ya upepo, yaani inayosukuma risasi kwa hewa iliyobanwa, ya milimita 4.5, saizi inayotumika kwenye shabaha ya mita 10 ya Olimpiki. Haitumii baruti, na kijirisasi chake ni kama punje ya mtama, kwa hiyo upepo wa Makambako hukisukuma kando. Piga ndani ya banda, magunia ya mchanga nyuma ya shabaha. Ikiwa hewa yake inabanwa na pistoni ya springi, usiifyatue tupu, bila kijirisasi, kamwe: pistoni hugonga mbele, inaharibika. Habari ya kibali, kaulize polisi kabla hujatoa hela.