Capybara: testi zinapita kwangu, kwenye CI zinafeli. Toa hizo sleep kwanza

Mkuu, umesema testi zako za Capybara (ile maktaba ya Ruby inayojifanya mtumiaji wa tovuti) zinapita fresh kwenye mashine yako ila zikifika seva ya CI (ile inayorun testi yenyewe kila mkituma kodi) mara zipite mara zifeli, na sa hivi umeshaanza kupachika sleep 5 (simama sekunde 5) kila mahali. Aisee huko nimepita mwenyewe, sleep zilijaa mpaka ukizirun zote unaenda kunywa chai unarudi bado hazijaisha, na bado zinafeli.

Shida ni kwamba testi yako na browza ni vitu viwili, kila kimoja na spidi yake. Ukiandika click_button 'Hifadhi' Selenium (ndo inayoiendesha browza) inabonyeza halafu inarudi kwako, haijui JavaScript yako inangoja nini. Kwako browza inawahi, kule CI kompyuta imebanwa inachelewa, basi.

Iliyonitesa mimi ni ya kikapu, mteja anaongeza bidhaa na namba inatoka 2 inakuwa 3. Nlikuwa nimeandika hivi:

expect(find('.jumla').text).to eq '3'

Ukiiangalia haina kosa eti. Kumbe find inangoja .jumla iwepo tu, na ilikuwepo tangu mwanzo ikiwa na 2! Inaichukua hiyo 2, eq inalinganisha mara moja, imefeli, kwisha habari. Siku mbili nzima namlaumu mtu wa seva bure. Nkabadilisha:

expect(page).to have_css '.jumla', text: '3'

Hapa Capybara inachungulia tena na tena mpaka ione 3 au default_max_wait_time iishe, ambayo usipoigusa ni sekunde 2. Ikiiona mapema inasonga mbele hapohapo, wakati sleep 5 inakula 5 zote hata kazi iwe imeisha zamani. CI ikiwa nzito pandisha hiyo namba iwe 5 au 10 usiogope, ila jihadhari na if page.has_css? kwa kitu ambacho hakipo, itakaa inakitafuta mpaka muda wote uishe.

Ugonjwa ni huohuo kwa current_path (anwani ya ukurasa uliopo), usiilinganishe na eq, tumia have_current_path. Na ile ya kubonyeza halafu mstari unaofuata unahesabu Oda.count kwenye databesi, hapo unakimbizana na seva na siku ukishinda ni bahati tu, ngoja kwanza neno 'Imehifadhiwa' litokee kwenye ukurasa ndo uhesabu. Mi binafsi databesi siigusi kabisa kwenye testi za browza, naangalia anachokiona mtumiaji.

Halafu cheki saizi ya dirisha. Chrome ikirun headless (bila kuonekana kwenye skrini) inaweza kufungua kidirisha kidogo, menyu yako inajikunja kama kwenye simu, na Capybara haibonyezi kitu kisichoonekana, so inakwambia haikipati wakati wewe unakiona kabisa kwako. Kwenye Rails (fremuweki ya tovuti ya Ruby) andika screen_size: [1400, 1400] pale kwenye driven_by, unapochagua browza ya testi. Testi ikifeli fungua skrinshoti kabla hujagusa kodi, system test za Rails zinaipiga zenyewe.

Na zile kurasa zisizo na JavaScript, fomu za kawaida tu, zihamishie rack_test, njia nyingine ya Capybara ya kurun testi, haifungui browza kabisa. Kwetu zaidi ya nusu zilihamia huko na hakuna aliyezililia.