Yule wa Ubwiri Unga

Wiki moja baada ya kutetea tasnifu yangu (ndiyo, nimepita, masahihisho madogo tu!), binti mmoja ameniandikia: "Dada, niko mwaka wa tatu wa uzamivu, lakini nikiulizwa nafanya kazi gani nasema nasoma tu. Lini nitajiona mtaalamu?"

Mdogo wangu, hilo "tu" nimelibeba miaka minne.

Mwaka wangu wa pili kulikuwa na kongamano hapa hapa Dodoma. Data zote za wakulima wa zabibu nilikusanya mimi, Hombolo nzima kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye meno. Msimamizi wangu akanitambulisha kwa wageni: "Huyu ni binti anayenisaidia." Nikatabasamu, nikaenda kupanga chupa za maji mezani. Nimeshamsamehe. Yaani, karibu nimsamehe.

Aliyenitoa huko ni mkulima. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya mavuno mizabibu hupogolewa. Mzee mmoja alichoshwa na dodoso langu, akanikabidhi mkasi. "Mtaalamu, kata basi." Nikakata juu mno. Akanishika mkono, akahesabu macho ya tawi, pale panapochipua, kwa kidole kilichopasuka: "Moja, mbili. Acha macho mawili, mwanangu. Ukiacha matano utavuna majani."

Nikaliweka dodoso kwenye mkoba. Nikawa naenda kupogoa naye, tunabishana. Siku moja nikamwambia anapuliza dawa ya salfa akiwa amechelewa, ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, umeshatanda kwenye vichala. Akaguna, ila akanipa mistari miwili ya mizabibu nijaribu. Msimu uliofuata jirani yake akanipigia simu: "Nimeambiwa nimuulize yule wa ubwiri unga."

Yule wa ubwiri unga! Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo tafuta watu wanaohitaji unachokijua, wakuulize, ukosee mbele yao. Ukijitambulisha, taja kazi yako kabla ya mwaka wako wa masomo. Na uache "tu". Wengi wenu mnasubiri joho liwape jina, huku mkibeba mikoba ya maprofesa. Acheni. Chupa za maji zina watu wake.

Siku ya utetezi mtahini aliuliza kuhusu ile mistari miwili. Msimamizi wangu akakohoa, akaanza, "Nadhani alichomaanisha..."

"Samahani, Profesa," nikasema. "Naomba nijibu mwenyewe."