ax0 inasema UP, redio imenuna

Nilikuwa nimekaa barazani, Mwanga, hapa Kigoma. Laptopu kuukuu ya Linux mapajani, redio ya VHF juu ya stuli, katikati yake modemu ya paketi ya mtumba, kifaa kinachogeuza data ya kompyuta kuwa sauti ya redio na kuirudisha. Nilitaka kompyuta itume data hewani kupitia redio. Nikaandika kissattach, amri ya kuunganisha modemu na Linux, ikajibu bila kulalamika. Nikaandika ip -s link show ax0: kiolesura, yaani mlango wa mtandao wa kwenda redioni, kipo, UP, kimewashwa. Nikituma, hesabu ya TX (vilivyotumwa) inapanda. Tano, tisa, kumi na mbili. Nikampigia simu mzee mmoja wa Ujiji, ndiye aliyenitia kwenye ugonjwa huu wa redio.

"Shikamoo mzee. Umenipata?"

"Marahaba mwanangu. Huku kimya. Umebonyeza kweli?"

Sikuwa nimebonyeza chochote. Kompyuta ndiyo ilitakiwa kubonyeza kitufe cha kurushia. Hali hiyo ilidumu siku nne. Niliposhughulika na antena, na kebo, na kuirudisha Linux upya kutoka mwanzo (usifanye hivyo, haisaidii), kosa lilikuwa limekaa kwenye neno moja la faili moja.

Kilichonipoteza ni lile neno UP. Tumezoea waya wa intaneti: ukichomoa, kiolesura kinaanguka, unajua. ax0 haiko hivyo. ax0 inazaliwa pale kissattach inaposhika poti ya siriali, basi. Upande wa pili wa waya kuwe na modemu, kusiwe na kitu, au modemu iwe inazungumza lugha nyingine, ax0 haijui. Na hesabu ya TX maana yake ni kwamba kerneli (kiini cha Linux) imekabidhi baiti kwa poti. Haisemi kama redio imewaka. Hesabu ninayoiamini siku hizi ni ya RX (vilivyopokelewa) peke yake, maana paketi haiwezi kuingia pale bila kupita antena, redio, modemu na waya.

Sasa hilo neno. Faili ni /etc/ax25/axports, na mstari wake una jina la poti, alama ya wito (jina la kituo chako hewani), spidi, ukubwa wa paketi, dirisha, halafu maelezo. Kwenye spidi niliandika 1200, kwa sababu kila mtu anasema paketi za VHF huenda kwa 1200. Ni kweli, ila hiyo ni spidi ya hewani. Safu ile ya axports inataka spidi ya waya kati ya kompyuta na modemu, na modemu yangu ilikuwa imewekwa 9600. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa inaongea polepole na modemu inasikia haraka, na kila baiti inafika ikiwa takataka. Hakuna ujumbe wa kosa. Nani autoe? Nilipobadili ikawa 9600, taa nyekundu ya redio ikawaka mara ya kwanza. Mzee akacheka kwenye simu mpaka salio likaisha.

Faili hiyohiyo ina mitego mingine miwili. Usiache mstari mtupu ndani yake. Pia kila poti iwe na alama ya wito yake isiyofanana na nyingine. Ukiwa na poti mbili, moja iwe N0CALL-1, ya pili N0CALL-2 (weka yako ya Tanzania inayoanza na 5H, uliyopewa kwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, N0CALL ni ya mfano tu). Ukiona maneno "port not active", soma tena alama hizo kabla hujagusa kitu kingine.

Kama unatumia modemu ya chuma kama yangu ya zamani, kuna swali lazima ulijibu kwanza: iko kwenye KISS au haiko? KISS ndiyo lugha ya kukabidhiana paketi ambayo Mike Chepponis na Phil Karn waliitangaza mwaka 1987, na ndiyo kissattach inayoitumia kwa kawaida. Fungua minicom, programu ya kuongea na poti moja kwa moja, kwa spidi sahihi, bonyeza Enter. Ikikujibu cmd: basi bado iko kwenye amri zake za kawaida na ax0 itabaki pambo. Iamuru iingie KISS, funga minicom, ndipo uite kissattach. Kuifunga minicom ni muhimu, programu mbili kwenye poti moja zinanyang'anyana baiti kama kuku na punje.

Na kama poti yenyewe haionekani? Kijana mmoja wa Katubuka aliniletea laptopu ya Ubuntu 22.04, anachomeka kigeuzi cha USB kwenda siriali chenye chipu ya CH340, poti yake ttyUSB0 inatokea kwa sekunde moja halafu inapotea. Alishanunua kigeuzi cha pili. Tukaandika dmesg, amri ya kusoma ujumbe wa kerneli, na jibu likawa palepale: brltty, programu ya maandishi ya wasioona, inadhani chipu ile ni kifaa chake na inaikwapua. Mwenyewe haitumii, tukaiondoa, basi. Ukikataliwa ruhusa ya poti, jiongeze kwenye kundi la dialout, kisha toka na uingie upya.

Siku hizi wengi hawana modemu ya chuma, wanatumia Direwolf, programu inayofanya kazi ya modemu, na kadi ya sauti ya USB. Ni nzuri, na mimi nimehamia huko. Unaiwasha kwa direwolf -p, inatengeneza /tmp/kisstnc, na kissattach inashika hapo. Spidi ya axports haina uzito tena. Lakini umeme ukikatika na kurudi, kadi iliyokuwa namba 1 inaweza kuamka ikiwa namba 2, na Direwolf inasikiliza maikrofoni ya laptopu badala ya redio. Nilishawahi kuona kiwango cha sauti kinapanda kila jogoo wa jirani akiwika. Tumia jina la kadi badala ya namba kwenye mstari wa ADEVICE, ndani ya faili ya mipangilio ya Direwolf. Kisha zima AGC (inayojirekebishia sauti yenyewe) ndani ya alsamixer, programu ya kupanga sauti, fungua kabisa skwelchi ya redio (inayonyamazisha mlio wa hewa tupu), na urekebishe sauti mpaka Direwolf ionyeshe kiwango cha karibu 50.

Sasa tatizo ambalo maelekezo ya wenzetu hayalitaji. Wanakuambia: weka 144.800 MHz, washa axlisten -a, inayoonyesha kila paketi inayopita, na paketi zitaanza kumiminika. Ulaya, ndiyo. Kigoma unaweza kukaa kutwa husikii hata moja, na vifaa vyote vikawa vizima. Kimya si ushahidi. Mimi ninatumia njia mbili. Ya kwanza ni gen_packets, inayokuja na Direwolf. Inatengeneza faili ya sauti yenye paketi. Naiweka kwenye simu, napitisha kwa waya hadi kadi ya sauti. Usiirushe hewani, alama ya wito iliyomo si yako. Ya pili naipenda zaidi: kituo cha anga za juu, ISS, ambacho mara nyingi hurudisha paketi kwenye 145.825 MHz. Kikipita juu ya ziwa una kama dakika kumi. Napanda kilimani na redio, laptopu begani, nasubiri. Mstari wa kwanza ulipotokea wenye RS0ISS, alama ya wito ya kituo hicho, nilipiga kelele, wavuvi waliokuwa wanapanda kutoka Kibirizi wakaniangalia kwa huruma.

Ukishapokea, kutuma ni rahisi kidogo. Mwenzako akisikia mlio lakini paketi haisomeki, ama sauti yako ni kubwa mno, ipunguze, ama redio yako inachelewa kufunguka na mwanzo wa paketi unakatwa. Kwa hilo la pili, kissparms -p poti -t 300 inaipa milisekunde 300 za kujiandaa. Na ukituma halafu USB ikakatika, ni mawimbi ya antena yanaingia kwenye waya: peleka antena nje, mbali na meza.

Limebaki moja, nililolidhania jini. Kila nikiinua ax0 na kuipa anwani ya IP, redio inajitumia yenyewe, mara mbili tatu, hakuna aliyegusa. Nikamuuliza mzee. Akaniambia niwashe axlisten nisome kinachotoka badala ya kukisia. Nikasoma: ni avahi, programu ya kutafutana kwa vifaa kwenye mtandao, inatangaza jina la laptopu yangu kwa kila kiolesura inachokiona, ikitafuta printa. Nilikuwa natafuta printa katika Ziwa Tanganyika kwa wati tano. Nimeandika deny-interfaces=ax0 kwenye avahi-daemon.conf, nikaiwasha upya, na taa nyekundu ikatulia.