Kompyuta mpya, programu za bure: nianze na zipi?

Swali: Nimenunua kompyuta mpakato yenye Windows 11. Kazi zangu ni kuandika ripoti, mahesabu ya kawaida, kutazama video na kuperuzi mtandaoni. Office iliyokuja nayo ni ya majaribio na muda wake unakaribia kwisha. Rafiki yangu anasema atanipa iliyovunjwa leseni, nisilipe kitu. Naomba uniambie programu za bure ninazoweza kuziamini, na kama kuna haja ya kununua kinga ya virusi.

Jibu: Ahsante kwa swali, ndugu yangu. Nianze na la rafiki yako, maana hilo linaweza kukuharibia mengine yote. Maelekezo ya programu iliyovunjwa leseni mara nyingi huanza hivi: zima kinga ya virusi, kisha endesha faili hili ukiwa msimamizi wa kompyuta. Ni sawa na kumwambia mlinzi akalale halafu ukamkabidhi funguo mtu usiyemjua. Kinachoingia kwa njia hiyo mara nyingi ni programu ya kuiba nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari, na huwezi kuigundua kwa macho kwa sababu Office yenyewe itafunguka vizuri tu. Mshukuru, lakini usiipokee.

Tena huihitaji. Kwa ripoti na mahesabu, sakinisha LibreOffice. Ni programu huria inayosimamiwa na taasisi ya The Document Foundation tangu 2010, haina muda wa majaribio wala toleo la kulipia lililofichwa nyuma yake. Ndani yake utapata Writer ya kuandikia, Calc ya mahesabu na Impress ya mawasilisho. Kuna jambo moja linalowasumbua wengi: ukihifadhi kazi bila kubadili chochote, Writer hutumia umbo la odt, na unayemtumia akifungua kwa Word anaweza kukuta mpangilio umesogea. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa ingia Tools, kisha Options, kisha Load/Save, halafu General. Kwenye sehemu ya kuchagua umbo la kuhifadhia, weka la Word kwa nyaraka na la Excel kwa majedwali. Ukimaliza hapo, kila kazi mpya itahifadhiwa kama docx au xlsx bila wewe kukumbuka.

Usishangae pia ukifungua ripoti ya mtu aliyetumia fonti ambayo kompyuta yako haina ukaona herufi tofauti kidogo. Kwa mfano, pale ambapo Calibri haipo, LibreOffice hutumia Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, ili mistari isihame ukurasa. Kwa nyaraka za kawaida utaridhika. Penye shida ya kweli ni majedwali ya Excel yenye makro nyingi, yaani amri zilizoandikwa ndani ya jedwali zijiendeshe zenyewe; mengine hayatafanya kazi. Kama kazini wanakutumia ya aina hiyo, jaribu moja kabla hujaamua. Word na Excel za kwenye kivinjari nazo ni bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft, ila zinahitaji intaneti, na makro pia haziendeshi.

Video ni jambo jepesi: VLC. Ilizaliwa kwenye mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris mwaka 1996, na hadi leo haina matangazo. Karibu kila faili la video utakalopewa litafunguka bila kutafuta kiongezo chochote. Kwa mafaili yaliyobanwa, Windows 11 ya sasa hufungua yenyewe zip, rar na 7z, lakini ukihitaji kufungia folda kwa nywila ongeza 7-Zip. PDF husomwa na kivinjari chochote, kwa hiyo usihangaike.

Kivinjari cha Edge tayari unacho. Mimi ningeweka Firefox, na sababu kubwa ni kiongezo cha kuzuia matangazo kiitwacho uBlock Origin, ambacho huko bado kinafanya kazi kikamilifu. Chrome imeacha kukipokea na imebaki na toleo lake jepesi. Kuzuia matangazo si suala la kupunguza kero tu. Matangazo ndiyo njia mojawapo wanayotumia wezi kukuletea vitufe vya uongo vya kupakulia.

Kuhusu kinga ya virusi, usinunue. Microsoft Defender imo ndani ya Windows na kwa matumizi yako inatosha, mradi usiizime. Ukikuta kompyuta imekuja na kinga nyingine ya majaribio, iondoe: ikiwepo, Defender hukaa pembeni, ukishaiondoa, Defender hurudi kazini yenyewe. Na hizo programu zinazojinadi kuwa zitasafisha kompyuta na kuiongezea kasi, achana nazo kabisa. Kompyuta mpya haina uchafu wa kusafisha.

Hukuuliza kuhusu nywila, lakini nakusihi usiliache. Sakinisha KeePassXC. Hutunza nywila zako zote ndani ya faili moja lililofungwa kwa usimbaji, na faili hilo linabaki kwako, si kwa kampuni. Wewe unakariri nywila kuu moja tu. Iwe ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana. Programu inakutungia zilizobaki, kila tovuti na yake. Nakili faili hilo, lenye mwisho wa kdbx, kwenye flashi ambayo haikai pamoja na kompyuta. Ukisahau nywila kuu hakuna wa kukurudishia, kwa hiyo iandike kwenye karatasi na uiweke mahali salama. Kama unataka nywila zifike na kwenye simu bila kuhamisha faili, Bitwarden ina mpango wa bure unaotosha.

Sasa mahali pa kupakulia, ambapo naona watu wengi wanaumia. Ukiandika jina la programu kwenye injini ya utafutaji, matokeo ya juu kabisa yanaweza kuwa tangazo la kulipiwa linaloelekeza kwenye tovuti ya kuiga. Andika anwani mwenyewe: libreoffice.org, videolan.org, 7-zip.org, keepassxc.org. Au tumia njia ninayoipenda zaidi, winget, programu ya kusakinisha nyingine kwa kuandika amri, ambayo huja na Windows 11. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagua Terminal, kisha andika:

winget install -e --id VideoLAN.VLC

Itapakua faili kutoka kwenye anwani iliyosajiliwa na kuhakiki kuwa halijabadilishwa kabla ya kulisakinisha. Kwa nyingine badilisha jina la mwisho: TheDocumentFoundation.LibreOffice, Mozilla.Firefox, 7zip.7zip, KeePassXCTeam.KeePassXC.

Kisha, angalau mara moja kwa mwezi, andika winget upgrade peke yake. Utaona orodha ya programu zenye toleo jipya. Ukiongeza --all zitasasishwa kwa mkupuo. Ukikuta humo programu usiyoitumia, iondoe badala ya kuisasisha.